Nimepewa kuandika wasifu wa mama, mwalimu wa darasa la kwanza kwa miaka 31. Naomba ushauri

Kifunguamimba
Habari zenu wakuu. Mama yetu ametutoka wiki mbili zilizopita. Jumamosi ijayo tunakutana kumkumbuka na familia imenikabidhi mimi wasifu. Nina dakika tano.

Alifundisha darasa la kwanza miaka 31, aliishi na baba miaka 36, akatulea wanne. Kila nikikaa kuandika natoka na orodha: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, aliolewa, akajaliwa watoto. Nikiirudia naona ingemfaa marehemu yeyote. Mama simwoni humo.

Ninayemwona mimi ana doa la wino mwekundu kwenye kidole cha kati, doa lisilotoka hata likizo. Nilipopelekwa shule ya bweni niliandika barua yangu ya kwanza kwenda nyumbani. Ilirudi pamoja na jibu lake, imesahihishwa kila nilipokosea, na chini kabisa kwa wino uleule: "Vizuri. Shuka zako bado sijazitoa kitandani." Ninayo mpaka leo.

Kuna jambo linanikwaza. Utotoni tuliwaonea wivu watoto wa darasani kwake. Alikuwa akirudi jioni sauti imemkauka, anakaa na rundo la madaftari mpaka tunapitiwa na usingizi. Aliyekuwa naye pale mezani ni baba: mama anasoma alama, baba anajumlisha. Huu wivu niuseme au niufunike? Na huyu mwalimu, mke na mama nawaunganishaje bila kutoa hotuba tatu?

Bibi Ubao
Pole sana mwanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu. Shule alizopita, vyeti na miaka ya ajira viweke kwenye karatasi watakayogawiwa watu. Mdomo wako uubakizie ile barua. Mwalimu yumo na mama yumo, wala huhitaji kuwaunganisha, walishaungana wenyewe kwenye ule mstari wa mwisho.

Halafu waeleze watu darasa la kwanza ni kazi gani, maana wengi hawaijui. Mtoto anakuja hata penseli hajui kuishika. Unaufumbata mkono wake ndani ya wako, mnaandika "a" pamoja, tena na tena, mpaka siku unapouachia na wenyewe unaendelea. Ukiwa na watoto 40 unainama mara 40, na kila mmoja unamtamkia silabi kwa sauti kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuitamka. Ndiyo maana sauti ilimkauka. Na kinachoniuma siku zote ni kwamba watoto wale hawaikumbuki siku waliyojua kusoma. Wanaona kama walizaliwa wanajua. Wakumbushe.

Dakika Tano
Pole mkuu. Ukisoma kwa utulivu unatumia maneno kama 120 kwa dakika, kwa hiyo dakika tano ni 600. Andika 450, kwa sababu pumzi itakukata njiani. Chapa kwa herufi kubwa, upande mmoja wa karatasi, na kurasa ziwe na namba. Nakala ya pili mpe mtu atakayesimama karibu nawe. Kwenye msiba wa mzee wangu nilikwama aya ya pili, mdogo wangu akapokea akamalizia, na hakuna aliyenilaumu.

Kimya Kingi
Pole kwa familia. Mimi hilo la wivu ningeliacha. Baba yenu atakuwa amekaa mbele yako, juzi tu kazika mke. Atasikia kama watoto wanamshtaki mama yao hadharani. Mengine yanabaki ndani ya nyumba.

Msoma Barua
Pole sana ndugu. Namwelewa Kimya Kingi, ila natofautiana naye kidogo. Mwandishi Mfaransa Albert Camus alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 1957 alimwandikia barua mwalimu wake wa shule ya msingi kule Algiers, Louis Germain, akamwambia kuwa baada ya mama yake, mtu wa kwanza kumjia akilini alikuwa yeye mwalimu. Mama yake Camus hakujua kusoma. Mtoto yule aliwahitaji watu wawili. Ninyi mama na mwalimu mliwapata kwa mtu mmoja, na huyo mmoja mkalazimika kugawana na wengine. Mtoto kumwonea wivu mamaye si kumshtaki, ni kumtaka. Sentensi moja inatosha.

Pia watafute wanafunzi wake wawili watatu. Usiwaulize mwalimu alikuwaje, watakujibu alikuwa mpole. Waulize siku moja tu wanayoikumbuka.

Kifunguamimba
Asanteni sana, nimefanya mlivyosema. Mwanafunzi wake mmoja, mtu mzima sasa, ni wa mkono wa kushoto. Anasema nyumbani kwao walikuwa wakimchapa aandike kwa wa kulia. Mama alimhamishia mwisho wa dawati, upande wa kushoto, kiwiko chake kisigongane na cha mwenzake. Hakumwambia neno. Alimhamisha tu.

Na jana usiku nilimuuliza baba kuhusu zile alama. Alinyamaza sana, kisha akasema: "Hesabu mama yako alinishinda mbali. Alitaka tu nikae pale."

Miaka yote hiyo nilidhani anamsaidia kujumlisha.

Wivu nimeuandika kwa sentensi moja. Kimya Kingi, nimekusikia pia: kesho nitamsomea baba kwanza, akiukataa naufuta. Nakala ya pili anayo mdogo wangu.

Bibi Ubao
Barua yenyewe nenda nayo mkononi, mwanangu. Usiisome yote. Soma pale penye wino mwekundu.