Picha ya zamani Wikimedia Commons: niifunike au nipandishe faili jipya?

mtoto_wa_nkuhungu
Wakuu habari za Dodoma na upepo wake. Naomba msaada kwa mnaoelewa mambo ya Wikimedia Commons, ile ghala ambayo Wikipedia za lugha zote zinachota picha humo. Nimeanza kupandisha picha za mjini kwetu, sasa nimekutana na picha ya stesheni ya treni Dodoma, ile ya reli ya zamani, picha yenyewe ndogo na ina ukungu, na mimi ninayo ya stesheni mpya ya SGR, ile reli ya kisasa, kali kabisa. Nikawaza si niifunike tu, niweke yangu kwa jina lilelile, ili kurasa zote zinazoitumia zibadilike zenyewe, mana tangu 2024 treni ya umeme inafika huku na mji siyo ule tena.

Ya pili ni ya Nyerere Square, kaipiga mtu mwingine, nzuri tu ila imelala upande na ina ile tarehe ya njano ya kamera kwenye kona. Hiyo nilitaka kuinyoosha na kufuta tarehe.

Halafu kwenye mafaili yangu kitufe cha kupakia toleo jipya kinakubali, nikienda kwa faili la mwenzangu kinagoma. Akaunti yangu ina shida gani? Nawasilisha.

kigogo_wa_pikseli
Akaunti yako haina shida mkuu, ndo utaratibu. Faili ulilopandisha mwenyewe unaweza kulifunika, la mtu mwingine mpaka akaunti yako iwe na haki inaitwa autopatrolled, inatolewa kwa watu ambao kazi zao zimeshaaminika. Kama huna, kuna ukurasa wa maombi, unaweka linki ya faili unaeleza unataka kubadilisha nini, mwenye haki anakufungulia. Kabla ya utaratibu huo karibu kila mwenye akaunti alikuwa anaweza kuchukua picha ya watu akaweka sura yake juu, na walikuwa wanaweka kweli.

Sasa stesheni. Hapana, usifunike. Ile ni picha ya jengo jingine kabisa, iliyopigwa siku nyingine na mtu mwingine, ukiweka yako juu yake maelezo ya chini yanabaki ya yule, jina la mpigaji ni lake, tarehe ni yake, leseni kaitoa yeye kwa picha yake, halafu picha inayoonekana ni yako, yani ukurasa mzima unakuwa unasema uongo bila mtu kukusudia. Na fikiria kuna mtu kaandika makala kuhusu reli iliyojengwa enzi za Wajerumani, kaweka ile stesheni ya zamani kwa sababu ndo anayoizungumzia, asubuhi anaamka anakuta pale kwenye historia ya Mjerumani imekaa treni ya umeme. Utakuwa umemwaribia makala na wala hakujui.

Pandisha yako kama faili jipya, jina lieleweke, mfano stesheni ya SGR Dodoma na mwaka. Halafu shuka chini kwenye ukurasa wa ile ya zamani, kuna sehemu inaonyesha inatumika makala zipi na lugha zipi, ingia moja moja, panapofaa badilisha jina la faili kwenye makala. Panapozungumzia ya zamani paache. Ni kazi kidogo ndio, ila unakuwa umeamua kwa macho yako kila sehemu.

Ya Nyerere Square ni tofauti, hapo ni picha ileile inabaki ileile imesafishwa tu, kunyoosha kidogo na kufuta tarehe ni kitu cha kawaida, omba ufanye. Ila kwenye maelezo hakikisha ile tarehe imeandikwa kabla hujaifuta kwenye picha, mana wengine wanafuta halafu hakuna anayejua tena ilipigwa lini.

zabibu_kavu
Mimi sikubaliani sana na hii ya kila kitu faili jipya. Mnajaza ghala takataka, ukitafuta Dodoma unapata picha kumi za kitu kimoja tisa hazionekani vizuri, mtu wa Singida mwenye bando la mawazo anafungua moja moja mpaka bando linakata. Kama ipo bora ile mbovu iondoke.

kigogo_wa_pikseli
@zabibu_kavu kaka nakuelewa lakini kufunika hakuondoi kitu. Toleo la zamani linabaki palepale chini kwenye historia ya faili, mtu yeyote analifungua na mwenye haki anaweza kulirudisha. Kwa hiyo hata nafasi hujaokoa. Na hili watu walijue, kama picha ina namba ya gari ya mtu au sura ya mtoto, usidhani ukifunika na yenye ukungu usoni umemaliza, ile ya kwanza bado ipo, hapo unamwomba admini alifiche lile toleo.

Kinachosaidia msongamano ni kategoria nzuri. Pale unapotakiwa kufunika ni kama wewe mwenyewe ulipandisha ndogo uliyotumiwa WhatsApp halafu ukapata ileile kutoka kwenye kamera yenye pikseli zote. Hapo funika bila wasiwasi.

binti_wa_kolo
Niongezee hapo kwenye kusafisha, mana sisi wa Kondoa yametukuta. Michoro ya miambani ya kwetu iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2006, na watu wanapiga picha mwamba, wanaona mchoro mwekundu umefifia, wanavuta rangi mpaka twiga anang'aa kama tangazo la soda. Kuna programu kabisa ya kazi hiyo inaitwa DStretch, wataalamu wanaitumia kuona mistari ambayo jicho halioni, ni kitu kizuri sana. Ila ile picha iliyovutwa rangi ni faili lake, siyo ya kuweka juu ya picha ya kawaida. Mtu anayetaka kujua mwamba umefifia kiasi gani mwaka ule anahitaji ile iliyofifia, kufifia kwenyewe ndo habari. Ukishaweka jipya andika kwenye sehemu ya matoleo mengine kwamba limetokana na lile, na useme umefanya nini.

Na kukropu vilevile. Kupunguza ukingo mweusi wa skana sawa. Lakini mtu kapiga mwamba mzima na watu wamesimama chini, wewe unataka mnyama mmoja tu, kata weka faili jipya. Kuna kifaa humohumo kinaitwa CropTool kinakuuliza kabisa ufunike au utengeneze jipya.

mkorofi_wa_ramani
Vipi ramani? Mimi nina hoja na watu wanaofunika ramani za mikoa. 2012 tuliongezewa Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, 2016 ikaja Songwe. Sasa ramani ya mikoa 31 ukiiweka juu ya ile ya kabla ya hapo, makala ya sensa ya 2002 inakuwa na Songwe ambayo haikuwepo.

kigogo_wa_pikseli
Inategemea faili liliahidi nini. Kama maelezo yanasema ni ramani ya hali ya sasa na itakuwa inasasishwa, funika kila mkoa ukizaliwa. Kama ina mwaka kwenye jina usiiguse. Shida ni zile ambazo hazisemi chochote, hizo mimi natengeneza mpya kuliko kubahatisha.

mtoto_wa_nkuhungu
Asanteni sana wakuu, na dada wa Kolo pia. Stesheni naweka faili jipya, ya Nyerere Square nimeshaomba ruhusa. Swali la mwisho, kuna moja yangu mwenyewe nimeifunika jana na yenye pikseli nyingi ila kwenye simu bado naona ileile ndogo, nirudie kupakia?

kigogo_wa_pikseli
Usirudie! Angalia historia ya faili kwanza, kama matoleo mawili yapo basi imeingia, ni kashi ya simu yako tu, yani simu inakuonyesha nakala ya zamani iliyojihifadhia. Futa kashi ya browza au ifungue kwa simu ya mwenzio.

zabibu_kavu
Na bando la huyo mwenzio utalipa wewe