Naomba ushauri: msimu wa moto Yellowknife, nina mgonjwa wa oksijeni

Habari zenu ndugu zangu. Naomba ushauri, hasa kwa mnaoishi kaskazini mwa Kanada.

Niko Yellowknife na mke wangu na mama, ambaye anatumia mashine ya oksijeni ya umeme. Juni imeanza kavu mno. Mvua hakuna, na jua linakaa angani karibu saa 20 kwa siku. Kuvumwani (vioto vidogo kama ukoga juu ya mawe na ardhi) za nyuma ya nyumba nikizikanyaga zinavunjika kama karatasi iliyoungua. Agosti 2023 mji mzima, watu kama 20,000, uliamriwa kuhama kwa sababu ya moto wa msituni, na barabara ya kutokea ni moja tu. Kwa kweli nina hofu.

Nimeshaondoa kuni na majani makavu mita 1.5 kuzunguka nyumba, nimesafisha mifereji ya paa, na begi la dawa na nyaraka liko mlangoni.

Ninapokwama ni hapa: misprusi miwili (miti ya jamii ya misonobari) iko karibu na dirisha, matawi yanagusa ardhi. Niikate yote, au kupunguza matawi ya chini kunatosha? Na waliowahi kusafiri na mgonjwa wa oksijeni kwa gari, umeme mliupata vipi njiani?

Natanguliza shukrani.