Mgonjwa amekuja kung'olewa jino tu: je, tumkague kinywa kizima?

Muulizaji (tabibu wa meno, Tanga):
Habari za kazi, wenzangu. Wagonjwa wengi wa kliniki yetu huja wameshika shavu, wakitaka jino ling'olewe waondoke. Mwezi uliopita alikuja mzee mwenye kidonda pembeni mwa ulimi, kingo zake zimekakamaa, na katika maelezo yake nikagundua kwamba miezi mitano nyuma aling'olewa gego la upande ule ule katika kituo kingine, wala hakuna aliyemwomba atoe ulimi. Tangu siku hiyo sina amani. Naomba ushauri: kila mgonjwa akaguliwe saratani ya kinywa, au tuwaangalie watumiaji wa tumbaku na pombe tu? Na foleni ikiwa ndefu, tufanyeje?

Jibu la 1 (daktari wa upasuaji wa kinywa, Dar es Salaam):
Ndugu yangu, uchungu wako naufahamu. Ushahidi mzito tulio nao ni wa Kerala, India, ambako katika jaribio lililoanza mwaka 1996 wahudumu wa afya waliofundishwa, wasio madaktari, walikagua kwa macho tu vinywa vya wakazi wa miaka 35 na zaidi. Matokeo ya mwaka 2005 yalionyesha kwamba vifo vya saratani hiyo vilipungua kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, ilhali kwa wakazi wote kwa jumla tofauti haikuthibitika kitakwimu. Kwa hiyo anayepanga kampeni ya mtaa mzima aanze na watumiaji. Wewe lakini mgonjwa ameshakaa kitini na taa imewaka, na sioni sababu ya kutazama jino moja ukayaacha mengine yote.

Meno bandia yatolewe kwanza. Tazama midomo, mashavu, ufizi na kaakaa, kisha ushike ncha ya ulimi kwa shashi, uuvute kushoto na kulia mpaka uone pembeni kule nyuma, kwa kuwa ndiko uvimbe unakopenda kujificha. Mwambie ainue ulimi, upapase chini yake kwa kidole huku mkono wa pili ukiwa chini ya kidevu, umalizie na tezi za shingo. Doa jekundu likutie hofu kuliko jeupe. Ukizoea, ni dakika tatu.

Jibu la 2 (tabibu wa kinywa na meno, Unguja):
Naunga mkono kukagua wote, kwa sababu maswali yetu yenyewe yanatupotosha. Ukimuuliza mama kama anatumia tumbaku atakataa kwa moyo safi, kumbe kila jioni anatafuna tambuu, na popoo, ile kokwa ngumu inayofungwa ndani ya jani la tambuu, hata pasipo tumbaku, imethibitika kusababisha saratani. Mwulize kwa majina: ugoro, kuberi (tumbaku ya kuweka mdomoni), tambuu, popoo. Akilalamika kwamba pilipili inamchoma kuliko zamani, jaribu kama vidole vyake vitatu vinaingia kinywani vikiwa vimesimama. Shavu lililokakamaa kwa popoo huzuia kinywa kufunguka, na hali hiyo huweza kugeuka saratani.

Muulizaji:
Ahsanteni sana. Nikikuta kidonda mbele ya jino lililovunjika, nimpe rufaa siku hiyo hiyo?

Jibu la 1:
Kama ni laini na jino linakigusa kweli, lichonge ncha yake, umpe tarehe ya kurudi baada ya wiki mbili na uandike namba yake ya simu, kwani asiporudi ni lazima umtafute. Kisipopona apelekwe akatwe kinyama cha kupimwa. Kikiwa kigumu, au tezi ya shingo imevimba, usisubiri hizo wiki mbili. Tafadhali usimpe antibiotiki duru baada ya duru, wala usikimbilie kung'oa jino linalotikisika ndani ya uvimbe.

Muulizaji:
Nimeelewa, daktari. Boksi la shashi nimelihamishia kando ya kiti. Mzee ameshakatwa kinyama, na majibu tunayasubiri wiki ijayo.