Bathtabu ya chuma ya zamani: kusugua tu, epoksi, rangi ya gari au kununua akriliki?

Nyumba_Entebbe
Wadau habari. Kwenye nyumba tunayokarabati huku Entebbe kuna bathtabu ya enzi za Waingereza, ile ya miguu minne, sumaku inanasa na ukigonga inalia kama kengele. Weupe wa ndani umefifia, chini ya bomba kuna mstari wa kahawia unaoshuka mpaka kwenye tundu la kutolea maji, na hapo kwenye tundu enameli (ule weupe wa juu) imebanduka kipande kama sarafu ya mia tano, chuma cheusi kinaonekana. Mke wangu anaitaka, na tuna watoto wadogo. Sasa fundi mmoja anasema piga rangi ya gari, mwingine anasema epoksi, ile ya kuchanganya makopo mawili ikagandamana ngumu, shemeji yeye anasema peleka skrapa ununue ya akriliki, ile ya plastiki, yaishe. Nani ana uzoefu?

Bomba_Jinja
Shemeji mwambie atulie kwanza 😂. Huo mstari wa kahawia mara nyingi sio bathtabu inayooza, ni bomba lililovuja miaka na maji yenye chuma, hasa kama nyumba iliwahi kutumia kisima. Enameli ni glasi, unga wa glasi uliyeyushiwa juu ya chuma kwenye tanuri la digrii kama 800 hivi, kwa hiyo chochote utakachopaka leo ni rangi juu ya glasi, hakuna fundi wa mtaani atakayekurudishia ile ya mwanzo. Mimi ningeanza na kusugua. Sabuni ya vyombo, baking soda iliyokorogwa nzito, sponji laini, basi. Steel wool usiguse. Doa likikataa tafuta oxalic acid, asidi ya kutoa madoa ya kutu, vaa glavu, fungua madirisha, acha dakika chache halafu suuza sana, na usikae unaloweka siku nzima kwa siki au ndimu maana enameli nyingi za zamani hazivumilii asidi, zinazidi kufifia. Na Jik usichanganye na asidi yoyote, ile gesi inayotoka ni klorini.

Rangi2K_Ndeeba
Nakubali kusugua kwanza lakini hapo enameli ilipobanduka hapatasuguliwa pakapona. Mimi napiga magari, na bathtabu nimepiga pia. Rangi ya gari ya two-pack, ile inayochanganywa na kigumishi, inashika vizuri TU kama umeandaa: toa mafuta yote, piga msasa wa maji mpaka ule mng'ao wa glasi ufe, weka primer ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, ndio upige rangi. Mafundi wengi wanaruka hiyo primer kwa sababu mteja haioni. Na gari halikai na maji ya moto ndani yake nusu saa, kwa hiyo mimi kwa bathtabu napendekeza epoksi au ile rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabafu, rangi ya gari iwe kwa nje, huko inapendeza sana hata nyeusi au kijani.

MamaPatra
Rangi2K wewe unaongea ukweli kaka. Nyumba tuliyopanga zamani mwenye nyumba alipigisha bathtabu rangi, ilikuwa nyeupee, banange, baadaye ikaanza kuinuka pembeni ya tundu, maji yakaingia chini, ikawa inatoka vipande kama ganda. Na ule mkeka wa mpira wenye vinyonyeo chini usiweke kwenye bathtabu iliyopakwa, ukiuvuta unavuta na rangi.

Mzee_wa_Bombo
Kijana, umesema kuna watoto, sikiliza. Rangi ya zamani ya nje, na wakati mwingine hata enameli yenyewe, inaweza kuwa na madini ya risasi (lead). Msasa mkavu ni marufuku, vumbi lake ndilo sumu, tumia msasa wa maji na watoto wasiwepo. Halafu wapo mafundi wanaochoma enameli kwa asidi ya hydrofluoric ili rangi ishike. Hiyo inapenya ngozi mpaka mfupa na unaweza usisikie maumivu mapema. Fundi akija nayo, mrudishe. Na ile rangi ya gari ya two-pack ina isocyanate, kemikali inayodhuru mapafu, ile barakoa ya kitambaa haisaidii kitu.

Yaka_Mkali
Mimi swali langu ni maji. Ukijaza lita 150 hizo ni jerikeni saba na nusu, kuzipasha kutoka digrii 22 mpaka 40 ni yuniti 3 na kidogo za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, KILA KUOGA. Na chuma kikiwa baridi kinakunywa joto kwanza, kikiwa kilo 150 kinaweza kushusha maji yako digrii 2 hivi, ingawa baadaye kinalishikilia kuliko akriliki. Kama huna sola mtaishia kufulia mapazia humo.

Nyumba_Entebbe
Yaka sola ipo 😅. Nimejaribu baking soda upande mmoja, mstari umepungua sana aisee sikutegemea. Ila sehemu ya kukalia bado imefifia. Nitajuaje kama ni uchafu au glasi imelika?

Bomba_Jinja
Ikaushe, weka tone la chai ya rangi, subiri kidogo upanguse. Ikiacha doa glasi imelika, hiyo haing'ariki tena, chagua kuishi nayo au kupaka yote. Isipoacha doa, usipake. Tengeneza pale palipobanduka peke yake: kwangua kutu mpaka chuma king'ae, kausha kabisa, ziba kwa epoksi ya kurekebishia enameli, na muda wa kukauka fuata kopo, usimsikilize fundi mwenye haraka.

Rangi2K_Ndeeba
Kiraka kitaonekana lakini. Weupe wa zamani una umanjano.

Bomba_Jinja
Kionekane tu. Rangi ikichoka mwaka wa saba utaibandua bathtabu nzima, kiraka unarudia jioni moja.

Rangi2K_Ndeeba
Akitaka nyumba ya wageni huko Entebbe atapaka yote, mtalii haelewi kiraka.

MamaPatra
Na kabla ya kuziba ukuta, bomba za bathtabu hizo ni robo tatu, sio nusu inchi kama za sinki. Pima matundu kwanza ndio uende kununua Nakasero, Kampala. Na kama ni chumba cha juu na sakafu ya mbao, chuma, maji na mtu ni karibu kilo 400, mwite fundi wa jengo aangalie chini.