Debian 13 ya majaribio kwenye mashine za steshenari: nihame sasa au nisubiri itoke rasmi Agosti 9, 2025?

MamaFotokopi_Mwenge

Wakuu, habari za leo. Nina steshenari hapa Mwenge. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wa Chuo Kikuu, halafu watu wa kuskani vyeti, picha za paspoti na kuchapiwa barua. Mashine zote nne zilikuwa na Debian 12 (mfumo endeshi wa bure, badala ya Windows) yenye Xfce, ile sura nyepesi ya skrini. Kurudi kwenye Windows ya kuiba leseni sitarudi, hilo nimeshalifunga.

Sasa nimeweka lile toleo la majaribio, trixie (ndilo jina la Debian 13), kwenye mashine moja ya ndani ninayopigia hesabu jioni. Kuna mambo yamenifurahisha sana. La kwanza ni `apt` mpya, 3.0, ile amri ya kuinstoli na kuondoa programu. Orodha inakuja imepangwa kwa safu, vinavyoingia vina kijani, vinavyotolewa vina nyekundu. Anayefundisha mabinti wa dukani ndiye atakayeelewa thamani yake. Nimewaambia: ukiona nyekundu usibonyeze kitu, niite.

La pili ni GIMP 3, programu ya kuhariri picha. Binti wa upande wa picha hataki tena ile ya zamani. Akiongeza mwanga usoni, kichujio kinakaa juu ya picha bila kuigusa yenyewe. Mteja akilalamika "mbona umenifanya mweupe hivi", anakifungua tena, anapunguza, anachapa. Zamani hapo ni kuanza upya huku foleni inanung'unika.

Wasiwasi wangu uko sehemu mbili. Nasikia Debian ya biti 32, ile ya prosesa za zamani, imeondolewa, na mashine zangu mbili nilizochukua mtumba Kariakoo zina Debian ya biti 32. Halafu nikiskani kitabu cha kurasa nyingi kwa gscan2pdf (programu ya kuskani na kuhifadhi PDF) kwenye ile ya majaribio (RAM yake GB 2), inasimama katikati ikisema nafasi imejaa, wakati diski iko nusu tupu! Debian 12, skana ileile, inamaliza.

Msimu ndio huu, vijana wa kidato cha sita wanaleta vyeti kwa ajili ya maombi ya mkopo. Siwezi kufunga duka. Nihamishe zote sasa au nisubiri?

Fundi_Gerezani

Dada, diski yako haina shida. Kuanzia trixie, `/tmp`, yaani folda ya mafaili ya muda, haikai tena kwenye diski, inakaa kwenye RAM, na kikomo chake ni nusu ya RAM uliyonayo. Kwako hiyo ni GB 1.

Sasa piga hesabu. A4 ya rangi kwa 600 dpi, kabla haijabanwa, ni kama MB 100 kwa ukurasa. gscan2pdf inaziweka kurasa zote `/tmp` mpaka utakapohifadhi PDF. Kurasa kumi hivi, kwisha habari.

Njia rahisi: ingia kwenye mipangilio ya gscan2pdf, badilisha folda ya muda, ielekeze kwenye diski. Ukitaka `/tmp` nzima irudi ilivyokuwa:

`sudo systemctl mask tmp.mount`

kisha washa mashine upya. Na vyeti skani kwa 300 dpi, vinasomeka vizuri tu na ukurasa unashuka hadi MB 26 hivi.

Jambo jingine la kuwaambia mabinti: ukiinstoli trixie upya, mafaili yaliyokaa `/tmp` siku 10 yanafutwa yenyewe, na ya `/var/tmp` siku 30. Kazi ya mteja isiachwe huko kabisa.

Mlinzi_wa_Seva

Kuhusu biti 32 ni kweli. Trixie haina kisakinishi wala kerneli (kiini cha mfumo) ya i386, ndiyo hiyo biti 32. Vifurushi vya i386 vimebaki kwa ajili ya programu za zamani ndani ya mashine ya biti 64. Wenyewe Debian wanasema wazi: aliye kwenye i386 asipandishe toleo.

Lakini usikate tamaa, mashine nyingi za mtumba prosesa yake ni ya biti 64, aliyeinstoli ndiye aliweka ya 32. Andika `lscpu`, soma mstari wa "CPU op-mode(s)". Ukiona 32-bit na 64-bit, nakili mafaili yako pembeni, uinstoli upya ya amd64, yaani ya biti 64 (Intel nayo ni hiyo hiyo). Ukiona 32-bit peke yake, ibaki Debian 12. Masahihisho ya usalama yanaendelea hadi Juni 2026, kisha timu ya LTS (msaada wa muda mrefu) inaibeba hadi Juni 2028.

Kijana_wa_Temeke

Mimi nasema hama sasa. Nipo trixie tangu mwanzo wa mwaka, kerneli 6.12, LibreOffice 25.2, sijaona tatizo.

Fundi_Gerezani

Kijana, wewe una laptopu moja na hakuna anayekusubiri kaunta. Tarehe 27 Julai ndiyo Debian wanafunga kabisa mabadiliko, kifurushi hakiingii bila kibali cha timu ya utoaji. Wiki mbili baadaye toleo limetoka. Kwa duka, zisubiriwe.

Dada, hiyo ya ndani iache ilivyo, ila hakikisha kwenye sources (orodha ya mahali `apt` inapochukua vifurushi) umeandika `trixie`, si `testing`, yaani toleo lolote lililo kwenye majaribio. Ukiacha `testing`, trixie ikishatoka mashine itakupeleka kwenye matengenezo ya toleo linalofuata bila kukuuliza. Na ukiwa tayari kuhamisha nyingine, weka `apt-cacher-ng` kwenye mashine moja. Kifurushi kinashuka mara moja, nyingine zinachukua hapo hapo dukani. Bando litakushukuru.

MamaFotokopi_Mwenge

Asanteni sana. Folda ya muda nimeielekeza kwenye diski, kitabu kizima kimeskaniwa bila kusimama. `lscpu` nayo imenipa habari njema: kompyuta ya mezani ni ya biti 64. Kilaptopu kidogo cha Atom ndicho 32 tupu, kitabaki Debian 12 kwa kuchapa barua. Za kaunta nitazihamisha Jumapili moja baada ya tarehe 9.

Mlinzi_wa_Seva

Vizuri. Ombi moja: tuma ripoti ya usakinishaji, `reportbug installation-reports`. Toleo la majaribio linawekwa hadharani ili watu wa mashine kama zako waseme yanayowakuta. Printa na skana za mtumba wa Kariakoo, watengenezaji wengi wa Debian hawajaziona.

MamaFotokopi_Mwenge

Nitaandika usiku nikishafunga. Niweke na modeli ya skana?

Mlinzi_wa_Seva

Weka, pamoja na majibu ya `lsusb`, amri inayoorodhesha vifaa vya USB. Na tumia barua pepe ya duka, maana ripoti zote zinasomwa na kila mtu.