Mdahalo Tanga: vita vya Marekani Afghanistan vilikuwa vya nini, na vilipaswa kwisha lini?

Mwl_Ngamiani aliuliza:

Habari za jioni wana jukwaa. Nawaandaa vijana wa kidato cha tano na sita kwa mdahalo wa shule nne hapa Tanga mjini. Hoja ni hii: "Marekani haikushindwa Afghanistan kwa silaha, ilishindwa kwa kutojua ilichokifuata." Kila upande una wasemaji watatu, dakika tano kila mmoja.

Shida ni kwamba mazoezi yanaishia kelele. Mmoja anasema vita vilipaswa kwisha Osama alipouawa, wa pili anasema lengo lilikuwa kuwakomboa wanawake, wa tatu anang'ang'ania madini, na hakuna anayemjibu mwenzake. Nataka tarehe na nyaraka zinazoshikika, nisiwapeleke watoto jukwaani na maneno ya kijiwe cha kahawa. Na kisheria, vita vya namna ile hufungwaje? Nani hasa mwenye ufunguo?

Kisosora78 alijibu:

Mwalimu, salaam. Anza na karatasi, Osama atafuata. Idhini ya vita ilipita Kongresi, yaani bunge la Marekani, tarehe 14 Septemba 2001, Rais Bush akaitia sahihi tarehe 18. Seneti kura 98 kwa 0, Baraza la Wawakilishi 420 kwa 1. Huyo mmoja aliyekataa ni Barbara Lee wa California.

Kiini cha idhini hiyo ni maneno 60 tu ya Kiingereza. Inamruhusu rais kutumia nguvu dhidi ya mataifa, makundi au watu ambao yeye mwenyewe ataona kuwa walipanga, waliidhinisha, walitenda au walisaidia mashambulizi ya 11 Septemba, au waliwahifadhi wahusika. Wape vijana waisome kalamu mkononi, watafute vitu vitatu: jina la nchi itakayopigwa, jina la adui, na siku ya kumaliza. Hawatakiona hata kimoja. Afghanistan haimo, Taliban waliokuwa wakiitawala hawamo. Kwenye ule uwazi ndipo kila mtu alipokuja kumimina lengo lake baadaye, na ndiyo maana wanafunzi wako hawakutani: kila mmoja ameshika lengo lililotamkwa kweli na mtu fulani, mwaka fulani.

Kuhusu ufunguo. Sheria ya mamlaka ya vita ya 1973 inampa rais anayepeleka jeshi bila idhini siku 60, na nyingine 30 za kuondosha askari. Ila idhini ikishatolewa, saa hiyo haihesabu tena. Kongresi inabaki na milango miwili: kufuta idhini, au kukata fedha. Kwa Vietnam walijaribu yote. Azimio la Tonkin la Agosti 1964, lililokuwa idhini ya vita hivyo, lilifutwa Januari 1971, Nixon akaendelea na vita kwa kudai kuwa yeye ndiye amiri jeshi mkuu. Kilichofunga mikono kilikuwa fedha: sheria nyingine ya 1973 ilizuia senti yoyote kutumika kwa mapigano ya Indochina baada ya 15 Agosti mwaka huo.

Kwa Afghanistan hakuna mlango uliofungwa. Idhini ya 2001 haikufutwa hata askari wa mwisho alipopanda ndege. Marais wanne walirithishana ufunguo ule ule.

Shangazi_Raskazone alijibu:

Kisosora kamaliza ya sheria. Mimi nakushauri, mwalimu, usiwagawie wasemaji mada, wagawie miaka. Msemaji wa kwanza ashike 2001, wa pili 2009, wa tatu 2020. Kila mmoja ajibu: lengo lilitamkwaje mwaka huo, na kipimo cha kumaliza kilikuwa tarehe au masharti? Hilo la tarehe na masharti ndilo lililowatenganisha Wamarekani wenyewe kwa miaka kumi na zaidi.

2001 ni fupi. Mabomu yalianza 7 Oktoba, mkataba wa Bonn wa kuunda serikali mpya ya Afghanistan ukasainiwa 5 Desemba bila Taliban mezani, na Kandahar, ngome yao, ikawatoka mikononi siku mbili baadaye. Wanaosema vita vilipaswa kwisha mapema wasimame hapo.

2009 ndiyo tajiri, mpe msemaji wako hodari. Jenerali McChrystal, mkuu wa majeshi yao huko, aliomba askari wapatao 40,000 zaidi ili walinde raia na kuisimamisha serikali ya Kabul. Biden, wakati huo makamu wa rais, alitaka kikosi kidogo cha kuwasaka al-Qaida basi. Balozi wao Kabul, Karl Eikenberry, ambaye kabla ya hapo alikuwa jenerali huko huko, aliiandikia Washington akipinga nyongeza. Tarehe 1 Desemba 2009 Obama akatangaza 30,000 zaidi, na katika hotuba hiyo hiyo akasema wataanza kurudi Julai 2011. Wa "masharti", Seneta McCain akiwa mstari wa mbele, wakamshika hapo: ukimtajia adui siku ya kuondoka, yeye atakaa chini ya mti akusubiri. Wa "tarehe" wakajibu kwamba bila siku serikali ya Kabul haitajifunza kusimama kamwe. Kila upande una hoja, na ndiyo raha ya mdahalo wenyewe.

Halafu Trump, Agosti 2017: akasema hatafuata kalenda, atafuata hali ilivyo. Mjumbe wake ndiye aliyekuja kusaini kalenda.

Usisahau Ulaya, majaji wanapenda mtoto aliyetoka nje ya Marekani. Uholanzi, serikali nzima ilianguka Februari 2010 kwa sababu vyama vya muungano vilishindwa kukubaliana kuongeza muda wa askari wao katika mkoa wa Uruzgan, Afghanistan, Agosti wakaondoka. Ujerumani, Rais Horst Köhler alijiuzulu tarehe 31 Mei 2010 baada ya kusema, akiwa njiani kutoka kuwatembelea askari Afghanistan, kwamba jeshi linaweza kuhitajika kulinda maslahi kama njia za biashara. Kauli moja juu ya lengo, kiti kikaondoka.

Fundi_Majani_Mapana alijibu:

Nakubali mengi, ila mnakaa sana kwenye hotuba. Mwisho wenyewe uliandikwa Doha tarehe 29 Februari 2020, kati ya Zalmay Khalilzad, mjumbe wa Marekani, na Mullah Baradar wa Taliban. Serikali ya Kabul haikuwa mmoja wa waliosaini. Vipimo vyake ni hivi: ndani ya siku 135 askari wa Marekani washuke hadi 8,600 na kambi tano ziachwe, waliobaki watoke ndani ya miezi 14, yaani mwisho uwe 1 Mei 2021. Wafungwa wa Taliban hadi 5,000 wabadilishwe na hadi 1,000 wa upande wa pili, na mazungumzo ya Waafghani kwa Waafghani yaanze 10 Machi 2020.

Tazama kilichoharibika. Wafungwa walikuwa mikononi mwa Kabul, ambayo haikuahidi kitu, kwa hiyo ikagoma. Mazungumzo yaliyopangwa Machi yakafunguliwa 12 Septemba. Saa ya kuondoka ya Wamarekani haikungoja, iliendelea kukata. Biden alipoingia Januari 2021 alikuta askari 2,500. Tarehe 14 Aprili akasema wote watakuwa wametoka kufikia 11 Septemba, kisha akasogeza nyuma hadi 31 Agosti. Kabul ikaanguka 15 Agosti, ndege ya mwisho ikaruka 30 Agosti.

Sasa kitu ambacho watoto wengi hawakijui, na kinaua hoja ya "Waafghani walikimbia tu". Mkataba haukutaja askari peke yao. Ulitaja pia makandarasi, wakufunzi, washauri na watoa huduma. Jeshi la anga la Kabul liliwekwa juu ya mikono hiyo. Mafundi wa Kiafghani walizizoea helikopta za Kirusi aina ya Mi-17, lakini Marekani iliamua kuwapa helikopta zake za UH-60, na matengenezo ya hizo karibu yote yalifanywa na makandarasi. Makandarasi wakaondoka, vipuri vikawa shida, ndege zikapaki. Ngome za mbali zilizokuwa zikipelekewa chakula, risasi na kubeba majeruhi kwa anga zikabaki visiwa. Kwenye karatasi kulikuwa na watu takriban laki tatu, polisi wakiwemo, na ndani yake majina hewa ya kutosha. Mshahara wa jina hewa hauliwi na hewa, jamani.

Kwa hiyo msemaji wa 2020 asiulize "nani alishindwa" kabla hajauliza nani alikuwa mezani.

Mzee_Chumbageni alijibu:

Mwalimu, na upande wa kupinga nao uwahurumie, maana hapa wote mnawapa silaha watetezi wa hoja.

Wapingaji waseme: lengo lilijulikana, wakubwa hawakukubaliana tu lipi litangulie. La kuivunja al-Qaida lina ushahidi wake; Osama aliuawa 2 Mei 2011, tena Abbottabad, ndani ya Pakistan. La wanawake halimo katika idhini ya Kongresi. Lilisikika redioni kwa mke wa rais, Laura Bush, tarehe 17 Novemba 2001, vita vikiwa tayari vinawaka. Huyo wa madini mtulize taratibu: habari za madini ya dola trilioni moja zilivuma Juni 2010, na shaba ya Mes Aynak, huko huko Afghanistan, ilikuwa imeshakwenda kwa kampuni ya China, mkataba wa 2008. Mwizi gani anamlindia jirani shamba?

Kuhama kwa lengo si ugonjwa wa Wamarekani peke yao. Novemba 1978 sisi tulitoka kumng'oa Idi Amin Kagera. Aprili 11, 1979 tulikuwa Kampala, na Julai pale Monrovia, Nimeiry wa Sudan akatushambulia mbele ya wakuu wa OAU kwamba tumeangusha serikali ya jirani. Askari wetu wakakaa Uganda hadi 1981. Mwanafunzi atakayejibu kwa nini kule lengo lilihama likafika na Kabul likahama likapotea atapata alama, ila asijaribu kama hajasoma.

Na kwa utani wa kwetu: waja leo, warudi leo. Waingereza na Wahindi wao walishuka hapa Tanga Novemba 1914, askari kama 8,000, tarehe 5 wakawa wanarudi merikebuni. Hawa wengine walikaa miaka ishirini.

Mwl_Ngamiani alijibu:

Shukrani sana wakubwa zangu. Nitafuata mpango wa miaka mitatu. Swali moja: bomu la ubalozi wa Marekani Dar la 1998 liingie au litatuchanganya?

Kisosora78 alijibu:

Liingie kwa msemaji wa 2001, sekunde arobaini zisizidi. Tarehe 7 Agosti 1998, waliouawa Dar 11, Nairobi 213. Jibu la Rais Clinton lilikuwa la aina mbili: makombora ya 20 Agosti juu ya kambi za Khost, Afghanistan, na kiwanda cha Khartoum, na mahakama New York. Washtakiwa wanne walipewa kifungo cha maisha tarehe 18 Oktoba 2001, siku kumi na moja baada ya mabomu kuanza kuanguka Afghanistan. Njia mbili za kumshughulikia adui yule yule, wiki zile zile. Hakikisha tu asiseme makombora yalimkosa Osama kwa dakika ngapi, hapo ndipo huanza ya kijiweni.