Rufaa ya Kimathi ilikuwa rufaa kweli?

Mwalimu wa Othaya: Wakuu, nafundisha historia kidato cha tatu. Mwanafunzi kaniuliza jambo: Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alihukumiwa kifo Nyeri 27 Novemba 1956, akanyongwa Kamiti 18 Februari 1957. Haifiki miezi mitatu, na katikati kesi ilishafika hadi London. Ilikatwaje haraka hivyo?

Karani Mstaafu: Mwalimu, huyo mtoto ana jicho. Tenganisha ngazi mbili. Kwenda Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilikuwa haki yake. Ikaitupa rufaa yake 27 Desemba. Kwenda Privy Council ya London, yaani baraza la majaji lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa kutoka makoloni, kulihitaji ruhusa, na ruhusa hiyo alinyimwa. Tangu kesi ya Dillet ya 1887, majaji wale walishasema wao si mahakama ya kawaida ya rufaa za jinai. Huingilia tu utaratibu au haki ya msingi ikikiukwa hadi ikazaa dhuluma kubwa. Nani mkweli, askari au mshtakiwa? Hilo hawakuligusa. Na utetezi wa Kimathi ulisimama juu ya swali hilo hilo: alisema alikuwa njiani kujisalimisha. Jaji Mkuu O'Connor hakumwamini. Kilichobaki kilikuwa bastola aliyokamatwa nayo, na kwa kanuni za hali ya hatari za serikali ya kikoloni, kuwa na bastola peke yake ilitosha kumnyonga mtu.

Nyokabi_Thika: Mzee, mbona Kuruma wa Kaniu, yule aliyehukumiwa kwa kukutwa na risasi chini ya kanuni hizo hizo, alipewa ruhusa?

Karani Mstaafu: Alipewa, binti yangu, kwa sababu yake kulikuwa na swali la sheria. Alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli, akapekuliwa na askari wasio na cheo kilichotakiwa na kanuni. Wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu cha mfukoni. Mwishoni mwa 1954 London ikaamua kwamba ushahidi ukihusika na kesi unapokelewa, hata kama umepatikana kinyume cha sheria. Rufaa ikaanguka. Kinachoniuma ni kile kisu: hakikuletwa mahakamani, na watu waliokuwepo wakati wa upekuzi hawakuitwa wote. Majaji wenyewe waliliona, ila badala ya kufuta hukumu wakalisukuma kwa Waziri wa Makoloni.

Mwalimu wa Othaya: Kwa hiyo waliona shaka, wakamwachia mwanasiasa?

Karani Mstaafu: Ndiyo, Mwalimu. Wasomee wanafunzi kesi zote mbili pamoja, uanze na ya Kuruma.